Dinari Mbili za Msamaria na Bei ya Dawa Zetu



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa kazi ya kichungaji katika hospitali moja ya misheni. Asubuhi tulisali na wagonjwa wodini, mchana tulisaidia kupanga mafaili mapokezi. Siku moja alifika bibi kutoka kigango cha mbali, mgonjwa wa presha wa miaka mingi. Kadi yake ya bima alikuwa ameifunga kwenye kitambaa pamoja na rozari. Alimwona daktari, akapewa cheti, akapanga foleni kwenye dirisha la dawa. Zamu yake ilipofika akaambiwa maneno ambayo wengi wetu tumeyazoea: "Bibi, hii hatuna. Kanunue nje."

Tulimsindikiza hadi duka la dawa lililo mkabala na geti. Cheti kiliandikwa jina la kibiashara la dawa, si jina lake la kitaalamu, naye muuzaji akatoa boksi lenye jina lile lile: shilingi elfu ishirini na sita kwa mwezi mmoja. Bibi akauliza kama anaweza kuuziwa vya wiki moja. Akauziwa vidonge saba, akashika njia ya kwenda stendi. Jioni tulimsimulia mfamasia mmoja habari hiyo. Akatuonyesha kidonge chenye dawa ile ile, nguvu ile ile, kilichosajiliwa na serikali, ambacho dozi yake ya mwezi mzima haifiki elfu tano. Lakini bibi alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana juu ya jambo hili bwenini na hata baada ya vipindi vya falsafa ya maadili. Maoni yetu ni haya: kudhibiti gharama za dawa katika bima ya umma ni suala la haki kabla ya kuwa suala la hesabu. Na sisi Wakatoliki, wenye hospitali na zahanati nyingi nchini, hatuna ruhusa ya kuinyoshea serikali kidole kabla ya kulitazama dirisha letu wenyewe la dawa.

Bima ya kwanza katika Injili

Mfano wa Msamaria Mwema, katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, tumeuhubiriwa tangu Utoto Mtakatifu. Mara nyingi tunaishia pale barabarani, kwenye mafuta, divai na vitambaa vya kufungia majeraha. Tunasahau kwamba habari inaendelea hadi kwenye nyumba ya wageni. Pale Msamaria anatoa dinari mbili, anamkabidhi mwenye nyumba, na anaahidi kwamba kama gharama itazidi, atailipa akirudi.

Tazama vizuri, ndugu msomaji. Kuna mgonjwa asiye na kitu. Kuna mlipaji ambaye hatakuwepo wakati huduma inatolewa. Kuna mtoa huduma ambaye ataandika bili mwenyewe. Huu ndio muundo wa bima ya afya, na udhaifu wake uko hapo hapo. Mwenye nyumba ya wageni angeweza kuandika divai ambayo haikumiminwa, au kununua mafuta ya bei kubwa wakati ya kawaida yangetosha, akijua kwamba bili italipwa na mtu mwingine. Injili haituambii alifanya nini. Inatuonyesha tu kwamba huruma ya Msamaria, pamoja na ukubwa wake wote, ilitegemea uaminifu wa mtu wa pili.

Nasi tuna nyumba ya wageni ya taifa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Vijijini kaya nyingi zimekuwa zikijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, baada ya mavuno. Na Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, yenye shabaha ya kumwingiza kila mkazi wa nchi katika bima. Hii ni habari njema na Kanisa lina kila sababu ya kuifurahia.

Lakini fedha hizo zina wenyewe. Ni jasho la mwalimu wa shule ya msingi, la nesi, la mkulima aliyeuza gunia la mahindi. Kila shilingi inayolipwa zaidi ya haki kwa boksi la dawa imetolewa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. Mfuko ukielemewa, hakuna tangazo la msiba. Dawa moja inaondolewa kwenye orodha, nyingine inakosekana dirishani, na bibi anatumwa nje ya geti.

Dawa ina bei ya haki?

Wapo watakaosema kwamba bei ni bei, sokoni kila mtu auze atakavyo. Hapa masomo yetu ya falsafa yametusaidia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 77, anachunguza kama ni halali kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake. Anakubali kwamba muuzaji anayepata hasara kwa kuachana na mali yake anaweza kuidai hasara hiyo katika bei. Lakini kama muuzaji hapotezi chochote cha pekee, na mnunuzi ndiye mwenye shida kubwa, basi shida hiyo isimfanye muuzaji apandishe bei. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: ile haja inatoka katika hali ya mnunuzi, si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake.

Tukiisoma hoja hii mbele ya dirisha la dawa, inauma. Mgonjwa wa kisukari haingii dukani kama mtu anayechagua kitenge. Hawezi kusema nitarudi mwezi ujao bei ikishuka. Anayepandisha bei kwa sababu anajua mgonjwa hana njia nyingine anauza hofu ya mgonjwa, na hofu hiyo si mali yake.

Hatusemi faida ni dhambi. Kugundua dawa mpya kunagharimu miaka na fedha nyingi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Ndiyo maana kuna hataza, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee kwa muda fulani. Lakini Papa Benedikto wa XVI, katika barua yake ya mwaka 2009 Caritas in Veritate, namba 22, alizionya nchi tajiri kuhusu kuibana mno haki hiyo ya ugunduzi, hasa katika mambo ya afya. Hapa Afrika onyo hilo tunalielewa bila kufafanuliwa. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu kama dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitokeza na kusema inaweza kutoa mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350, chini ya dola moja kwa siku. Ushindani ukaingia, bei ikaporomoka. Wapo wanaparokia wenzetu wanaoimba kwaya leo kwa sababu ya tofauti hiyo ya bei.

Hata tajiri aliishiwa

Tusidhani tatizo hili ni la maskini tu. Marekani ina mpango wa umma uitwao Medicaid, ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Gharama zake hugawanywa kati ya serikali kuu na majimbo (majimbo ya kiserikali, si ya kiaskofu). Sheria ya mwaka 1990 iliweka mapatano: kampuni inayotaka dawa zake zilipiwe na mpango huo lazima irudishe sehemu ya bei, na majimbo nayo yatalazimika kulipia karibu dawa zake zote. Leo kwa dawa nyingi zilizo chini ya hataza marejesho hayo hayapungui asilimia 23.1 ya bei ya wastani ya mtengenezaji.

Mapatano mazuri, ila Desemba 2013 yalijaribiwa. Iliidhinishwa dawa mpya ya homa ya ini aina ya C, iitwayo Sovaldi, ya kampuni ya Gilead. Ilitibu ugonjwa ambao kabla yake ulikuwa mgumu kuponya. Bei iliyotangazwa: dola 1,000 kwa kidonge kimoja, dola 84,000 kwa dozi ya wiki 12. Misri ilijadiliana na kampuni hiyo hiyo na kuipata kwa dola 300 kwa mwezi. Majimbo mengi ya Marekani hayakuweza kuikataa dawa, wala hayakuweza kuilipia kwa wote. Yakachagua njia ya tatu: kuwatibu kwanza wale ambao ini lao lilikwisha kuharibika sana. Mgonjwa ambaye hali yake haijawa mbaya aliambiwa asubiri. Asubiri nini? Asubiri iwe mbaya.

Huo ni udhibiti wa gharama, lakini ni udhibiti unaompa mgonjwa mzigo wote. Baadaye jimbo la Louisiana lilitafuta njia nyingine. Kuanzia Julai 2019 liliingia mkataba wa miaka mitano na kampuni tanzu ya Gilead: jimbo litalipa kiasi kisichozidi kikomo kilichokubaliwa kila mwaka, na litapata dawa za kutosha kuwatibu wengi kadiri litakavyoweza kuwafikia, wakiwemo wafungwa. Kwa mpango wa namna hiyo, kila mgonjwa wa ziada anayetibiwa anapunguza gharama ya wastani badala ya kuiongeza. Hesabu na huruma zikakaa upande mmoja.

Hatusemi tuinakili Louisiana. Tunasema tujifunze kitu kimoja: anayelipia watu wengi ana nguvu ya kukaa mezani na muuzaji, na asipoitumia nguvu hiyo, atakayebanwa ni mgonjwa.

Mwenye nyumba ya wageni naye ana watoto

Hapa nyumbani tuliona mvutano wa namna yake Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika. Baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko, zikisema bei mpya haziwezi kubeba gharama zao. Mfuko nao ulisema lazima ulinde uhai wake. Wanachama wakabaki katikati wakiwa na kadi mikononi. Methali ya mafahali wawili na nyasi haikuhitaji mwalimu siku hizo.

Tukiri ukweli ambao katika hospitali zetu husemwa kwa sauti ya chini. Hospitali nyingi za misheni huishi kwa dirisha la dawa. Ada ya kumwona daktari ni ndogo, kitanda ni karibu bure, na faida ya dawa ndiyo inayomlipa mlinzi, inayonunua dizeli ya jenereta na kufidia madai ya bima yanayochelewa. Masista wanaoendesha hospitali hizo hawatajiriki. Tumewaona wakihesabu chenji usiku. Kwa hiyo ukimwambia msimamizi wa hospitali ashushe bei ya dawa bila kumwambia mshahara utatoka wapi, hujamsaidia.

Lakini utaratibu huu una sumu ndani yake. Hospitali inapoishi kwa kuuza dawa, kila cheti kirefu ni baraka na kila dawa ya bei ndogo ni hasara. Hakuna anayekaa kikao na kuamua kumwibia mgonjwa. Ni mazoea tu: dawa nne badala ya mbili, sindano badala ya kidonge, jina la kibiashara badala ya la kitaalamu. Mwisho wa mwezi madai yanapelekwa kwenye mfuko, mkaguzi anakata, hospitali inalalamika, mwaka unaofuata bei zinabanwa zaidi. Wote wana sababu, na bibi ana vidonge saba.

Tunapendekeza nini

Kwanza, tununue pamoja. Nchini Kenya, mwaka 1986 Wakatoliki na makanisa mengine ya Kikristo walianzisha MEDS, bohari ya pamoja inayonunua dawa kwa wingi na kuzisambaza kwa hospitali za makanisa. Huku kwetu, Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo Tanzania wana Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, tangu mwaka 1992. Serikali nayo ina Bohari ya Dawa, MSD, iliyochaguliwa na SADC kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi wanachama. Kama nchi zinaweza kununua pamoja, hospitali mbili za jimbo moja zinashindwaje?

Pili, cheti kiandikwe kwa jina la kitaalamu na kifuate Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1977, na hoja yake haijazeeka: dawa chache zilizochaguliwa vizuri zinatibu sehemu kubwa ya magonjwa ya watu. Tunajua pingamizi litakalokuja, kwamba dawa ya bei nafuu ni feki. Si kweli kwamba bei ndiyo kipimo cha ubora. Kipimo ni usajili na ukaguzi, na mwaka 2018 mamlaka yetu ya udhibiti, ambayo sasa ni TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia kiwango cha tatu cha ukomavu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani. Boksi la kupendeza si kinga dhidi ya dawa bandia. Mara nyingine ndilo linaloigizwa.

Tatu, bima ilipe kazi kwa haki na kwa wakati, ili hospitali isilazimike kuificha gharama ya nesi ndani ya bei ya kidonge. Ada ya daktari ionekane ni ada ya daktari. Bei ya dawa ibandikwe ukutani karibu na dirisha, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kama tunavyobandika matangazo ya ndoa. Bei iliyo wazi inamlinda hata msimamizi mwaminifu dhidi ya masengenyo.

Nne, sisi wagonjwa nasi tuache. Hapa tunajipiga kifua wenyewe. Ndani ya seminari tumewahi kudai dawa za kuua bakteria kwa mafua ya siku mbili na kumnung'unikia nesi alipotuambia tunywe maji na kupumzika, tukisema, "Si bima inalipa?" Tumewasikia waamini wakiazimana kadi kama wanavyoazimana jembe. Bima hailipi kitu chake. Hulipa kwa fedha ya jirani. Amri ya saba haina kipengele kinachoiacha nje fedha ya umma.

Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya mengi hapa. Kikao kimoja baada ya tafakari ya Injili kinatosha kufundishana maswali matatu ya kuuliza dirishani: dawa hii jina lake la kitaalamu ni lipi? Ipo ya aina hiyo yenye bei nafuu? Kadi yangu inaigharamia? WAWATA, ambao ndio hupeleka watoto na wazee hospitali, wangekuwa walimu wazuri wa somo hili kuliko sisi.

Na kwa ndugu zetu waseminari neno moja. Leo tunasoma falsafa na tunaona mambo ya bei ya dawa ni ya wahasibu. Baada ya miaka michache, Mungu akipenda, baadhi yetu tutakuwa maparoko wenye zahanati nyuma ya kanisa, na wengine wajumbe wa bodi za hospitali. Italetwa ripoti ya fedha mbele yetu, na dirisha la dawa litaonyesha faida nzuri. Siku hiyo tuwe na ujasiri wa kuuliza faida hiyo imetoka kwa nani.

Kabla likizo haijaisha tulimwendea daktari aliyeandika kile cheti, kwa heshima, tukamweleza yaliyotokea. Hakukasirika. Alisema ameandika jina lile kwa miaka kumi na hakuwahi kuuliza linauzwa shilingi ngapi nje ya geti. Kisha akatuuliza bibi yule ametoka kigango gani, ili amtumie katekista cheti kipya. Tukamtajia.

Hatujui kama kilifika. Tunajua kwamba vidonge saba ni vya wiki moja.